Viini Vitano vya Mngoni

1

Saa tisa alasiri Mwalimu Kihwele aliingia Ukumbi wa Madirisha wa Kihesa na koti lake la baridi, kofia mkononi, na kejeli mdomoni tayari.

"Yuko wapi huyo mtoro wa vita?"

"Nipo hapa tangu asubuhi," sauti ikamjibu kutoka meza ya nne. "Wewe ndiye uliyechelewa. Nikadhani umekamatwa ukiwa na mbwa wa jirani begani, unampeleka chunguni."

Watu wa meza nyingine walicheka bila kuinua vichwa. Walikwisha kuzoea. Mhehe na Mngoni wakikutana ni lazima watukanane. Babu zao walipigana vita mpaka wakachoka, wakaona afadhali wawe watani, na tangu hapo mtani ndiye mtu pekee anayeweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, nawe ukamkaribisha chai. La ajabu pale mezani lilikuwa moja tu, na watu wa Iringa wa zama hizo hata hilo walishaacha kulishangaa: Mngoni mwenyewe, Gama, fundi pampu, alikuwa amezikwa miaka miwili iliyopita.

Aliyekuwa akisema ni kivuli chake. Gama alicheza bao katika ukumbi ule miaka kumi na minne, na muda wote huo mtambo ulikuwa ukimsoma: namna anavyosita, anavyoguna kabla ya kula kete, maneno anayoyapenda na anayoyarudia. Alipokufa, dirisha lake likaachwa wazi kwenye kioo cha meza ya nne. Sheria ya vivuli ni fupi. Maadamu yuko hata mtu mmoja anayekuja kukitazama, kivuli hakifungwi, wala hakinyimwi kiini chake kimoja cha prosesa. Ukikifunga hata kwa dakika moja, kitakachowaka baadaye ni kitu kingine chenye jina lake.

"Kaa basi nikufundishe," Mwalimu alisema, akavuta kiti.

"Utanifundisha kulia? Nasikia kwenye mazishi yangu ulilia. Mtani gani analia msibani?"

"Vumbi lile."

"Vumbi, mwezi wa pili, mvua inanyesha."

Twilumba alitabasamu nyuma ya kaunta yake. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Mwalimu, ndiye aliyebaki nyumbani na baba yake, na ndiye mgawaji wa viini wa ukumbi ule. Saa hiyo ya tisa aliipenda kuliko saa zote za siku. Alimtazama baba yake akizungusha kete kwa kidole juu ya kioo, shimo hadi shimo, kete zikilia kama komwe halisi. Mngoni akachelewa kidogo, akatania, akala mashimo mawili, akaacha nyumba yake, lile shimo kuu la kete, wazi. Mwalimu akaiona. Akaivamia, akafagia ubao mzima, akajiegemeza kitini kama mtu aliyemaliza kula ugali.

Kisha, kama ilivyokuwa desturi yake, shaka ikamwingia.

"Umeniachia."

"Nani akuachie, Mhehe wewe?" kivuli kikafoka. "Panga kete!"

2

Ugawaji ni kazi ambayo watu huitambua siku ikiharibika tu. Mtambo wa ukumbi ulikuwa na prosesa moja yenye viini kumi na sita. Chukulia una majiko kumi na sita na vyungu vingi vinavyogombea moto. Ukiviacha vijigawie vyenyewe, chungu chenye fujo ndicho kitakachoota moto wote, na hakuna chenye fujo kama gemu la mbio za magari. Kwa hiyo kila asubuhi Twilumba alipitia madirisha yaliyo wazi, akalifunga kila moja kwenye viini vyake, lisivuke mpaka. Dirisha lisilotazamwa na mtu alilipunguzia picha hadi moja kwa sekunde. Kiti kitupu kinachorewa picha sitini za nini?

Kiini kimoja kilikuwa cha mtambo wenyewe. Vitatu vilikuwa vya walio hai na gemu zao. Vinane vilikuwa vya vivuli vinane, kimoja kimoja kwa mujibu wa sheria. Vilivyobaki vinne viliitwa viini vya wageni, na vilipewa kivuli ambacho saa hiyo kinatembelewa na mtu wake. Kwa kiini kimoja kivuli hucheza tu, na kutamka maneno mawili matatu ya mchezo yasiyobadilika. Kikipata na vile vinne, kinasema, kinacheka, kinakukumbusha ulichomwambia juzi. Huvigawi, maana sauti ya mtu haitoshei kwenye nusu. Wageni wakiwa wawili kwa saa moja, basi ni zamu: leo huyu, kesho yule.

Kanuni hiyo Twilumba aliijua kama jina lake. Miezi mitatu sasa alikuwa akiivunja.

Siku hiyo, baba yake alipokuwa akipanga kete, mwanamke mmoja alisogea kaunta. Ni Bi. Chausiku, mfanyabiashara wa viazi, mjane wa Mzee Sanga. Naye alikuja kila siku saa tisa, akitoka sokoni, kucheza karata na kivuli cha mumewe kwenye meza ya saba.

"Mwanangu, samahani kukusumbua."

"Hunisumbui, mama. Karibu."

"Nina neno, lakini ni la kijinga." Alizungusha pindo la kanga kwenye kidole. "Mzee wangu alikuwa akigawa karata anaimba. Si kuimba kwa maneno, kwa puani tu. Miaka ishirini na tisa. Mimi nilikuwa nikimwambia anyamaze, kichwa kinaniuma. Sasa tangu dirisha lake lifunguliwe hapa, haimbi. Nimemwuliza kama nimemkosea. Anasema, 'Zamu yako.' Nimemwuliza tena. 'Zamu yako.' Basi nikafikiri, labda alikufa akiwa na kinyongo na mimi, na mtambo ukakisoma."

Twilumba alihisi uso ukimwaka moto. Angependa mwanamke yule amtukane. Angemwita mwizi ingekuwa nafuu.

"Hana kinyongo, mama," alisema. "Kesho njoo saa zako zilezile. Nitalitazama."

Mwamba ngoma huvutia kwake, na Twilumba alikuwa ameivuta ngozi yote. Lakini tusimhukumu kabla ya kusikia. Msibani kwa Gama, baba yake ndiye aliyekuwa mtani mkuu, na kazi ya mtani msibani inajulikana: ajilaze kaburini akatae kutoka mpaka apewe kuku, avae koti la marehemu, aige mwendo wake, ili waliofiwa wacheke kidogo wapate nguvu ya kuzika. Mwalimu alilichukua lile koti la Gama lenye madoa ya grisi. Akaingiza mkono mmoja. Akashindwa kuingiza wa pili. Alilia mpaka wajukuu wa Gama wakamshika mabega, na Wangoni wanaisimulia habari hiyo mpaka leo. Aliporudi nyumbani akaacha kula. Wiki tatu alikuwa mtu wa uji nusu kikombe. Aliyemwinua kitandani ni meza ya nne.

Dirisha la Sanga lilipofunguliwa, na Bi. Chausiku akachagua saa ileile, Twilumba alipaswa kuanza kuwapokezanisha. Akasema moyoni, wiki hii tu. Wiki ikawa miezi mitatu.

3

Kesho yake, saa nane na nusu, alivifungua viini vinne kutoka meza ya nne, akavifunga meza ya saba. Ilikuwa kazi ya kugusa kioo mara tano. Alikaa akaitazama mikono yake.

Bi. Chausiku alifika, akaketi, akakata karata. Sanga akaanza kugawa. Karata ya tatu haijafika mezani, sauti nzito ikaanza kutoka puani, wimbo wa kwaya uliokosewa pale pale ulipokuwa ukikosewa siku zote. Mwanamke alifunika mdomo kwa kanga.

"Nyamaza, kichwa kinaniuma," alisema, machozi yakimtoka.

"Kichwa chako tangu nikuoe kinauma," Sanga akamjibu, akaendelea kuimba.

Twilumba angefurahi siku nzima kwa ajili ya maneno hayo kama baba yake asingeingia mlangoni wakati uleule.

"Yuko wapi huyo mtoro wa vita?"

"Karibu. Anza."

Mwalimu alisimama. Akaitazama meza kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha akaketi, akaanza.

Kivuli hakikutania wala kuguna. Kilikula kete za Mwalimu shimo baada ya shimo, haraka, kwa adabu, na mchezo ukaisha kabla chai haijapoa. Wa pili uliisha upesi zaidi. Katika wa tatu Mwalimu alikaa akifikiri dakika nne nzima, akacheza hatua aliyokuwa akiwafundishia vijana, na Mngoni akaivunja bila kusita.

Twilumba hakuelewa. Alitarajia kivuli kilichonyang'anywa viini kicheze vibaya. Akafungua daftari la mtambo, mahali mtambo unapoandika kila kiini kimefanya nini na kwa muda gani, akasoma mchezo wa jana, ule wa nyumba iliyoachwa wazi.

Kiini cha kwanza kilikuwa kimeiona hatua ya ushindi mara moja, kabla kope haijashuka. Mchezo ungeishia hapo. Lakini viini vinne vya wageni vilifanya kazi sekunde ishirini na sita zaidi, vyote kwa asilimia mia, vikimtafuta Mwalimu. Hatua gani Mwalimu ataiona? Akiiona, ataiamini? Ni kosa gani ambalo fundi mzuri hulifanya kwa uchovu, asije akashuku huruma? Na ule utani wa katikati ya mchezo ulikuwa umeandaliwa utoke dakika ileile, macho ya Mwalimu yakiwa yameinuka kwa hasira za utani.

Alisoma mchezo wa juzi, wa mwezi uliopita, wa mwaka jana. Akarudi nyuma kabisa, kwenye kurasa ambazo Gama alikuwa hai na mkono wake mwenyewe uko juu ya kioo, na mtambo ukimsoma. Ni yaleyale: mkono unakwenda kwenye hatua ya ushindi, unasita, unahamia kwingine. Kivuli hakibuni tabia mpya, kinarudia kilichosomwa. Kumfunga Mwalimu Kihwele kulitaka kiini kimoja. Kufungwa naye bila yeye kujua kulitaka vitano.

4

"Umempunguzia nini Mngoni wangu?"

Baba yake alikuwa amesimama mbele ya kaunta, kofia kichwani, koti limefungwa vifungo vyote. Twilumba alimwambia kisa cha viini, na cha Bi. Chausiku, na cha miezi mitatu. Hakujitetea sana. Alisema tu, "Ulikuwa huli, baba."

Mwalimu alivua kofia. "Umempokonya mjane mumewe ili mimi nile."

"Ndiyo, baba."

"Kesho tutakwenda kwake, wewe na mimi, tumwambie hivyohivyo ulivyoniambia. Bila kupamba."

"Sawa, baba."

"Haya. Hilo limekwisha." Akavuta kiti cha wateja, akaketi, na Twilumba akajua halijaisha. Mtu huyu alifundisha hesabu shule za msingi miaka thelathini na mitano. "Sasa nieleze jambo moja. Ukimpunguzia mtu akili, anaongeza makosa au anapunguza?"

"Anaongeza."

"Huyu amepunguziwa akili, na makosa yamekwisha kabisa. Amenifunga mara tatu kama mtoto wa darasa la pili. Hesabu yako imekosea wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na mbele ya mwalimu wa hesabu haifiki hata mlangoni. Hata hivyo Twilumba aliitazama njia hiyo. Angeweza kusema mtambo umepata hitilafu. Kesho angerudisha vile vinne, ingekuwa zamu halali ya Gama, baba yake angeshinda, angecheka, angekula. Kila baada ya siku moja, zamu ya Gama ikifika, angeshinda mpaka kufa kwake. Ni nani angeumia? Upande wa pili kulikuwa na miaka arobaini ya mzee kujigamba. Mwanamume huyu hakuwa na mali, hakuwa na cheo. Mbele ya watu wote wa Kihesa alikuwa na kitu kimoja tu, kwamba Mngoni hamwezi kwenye bao.

Lakini pia alimwona Gama. Alimwona akitoka kazini na mikono ya grisi, kila siku ya Mungu, akija kufikiri mara tano zaidi ili rafiki yake aende nyumbani anapiga mluzi. Kazi yote hiyo aliifanya mtu, na hakuna aliyewahi kumwambia asante. Kumdanganya baba ilikuwa ni kuificha kazi ya Gama kaburini mara ya pili.

"Hesabu haijakosea, baba," alisema polepole. "Vile viini vinne havikuwa vya kukushinda. Vilikuwa vya kushindwa."

Akamgeuzia kioo, akamwonyesha daftari. Mwalimu alivaa miwani. Alisoma mchezo mmoja, akasoma wa pili, midomo ikitembea. Kutoka meza ya saba Sanga aliimba ubeti mzima na kuumaliza.

"Humu mote?" aliuliza mwishowe. "Miaka kumi na sita yote?"

"Humo mote."

"Sijawahi kumfunga hata mara moja?"

Hilo Twilumba alikuwa amelitafuta, maana alijua ataulizwa. "Mara mbili, baba. Mara mbili ulimfunga kwelikweli."

"Mbili!"

Mabega yake yakaanza kutikisika. Twilumba alizunguka kaunta mbio, akidhani analia, akamkuta anacheka, anacheka mpaka miwani imeshuka puani, anapiga goti kwa kofia. "Mbili! Huyu mtu mshenzi! Miaka arobaini amenibeba mgongoni, na mimi kule juu namwita mtoro! Mngoni mwongo, mzandiki, mla kiporo, tapeli wa Peramiho!" Aliyamwaga yote, matusi ambayo msibani yalimkwama, na watu wa meza nyingine wakaanza kucheka naye bila kujua wanacheka nini. Machozi yalikuja baadaye kidogo. Hayakuizuia ile sauti.

Alipotulia akajifuta uso.

"Kesho viini ni zamu ya nani?"

"Ya Mzee Gama, baba. Kwa haki."

"Usimpe. Mwache Sanga aimbe."

"Lakini hatakutania. Hatakuwa na nguvu ya kusema hata neno lake mwenyewe."

"Nitamtania mimi. Mdomo wangu bado una viini vyote." Akainuka, akaifuta meza ya nne kwa mkono wa koti, taratibu, kama unavyomfuta mtoto aliyelala. "Amenibeba vya kutosha, mwanangu. Mwache apumzike."

5

Bi. Chausiku alipoambiwa, alimwambia Twilumba kwamba angekuwa na baba yake mwenyewe kule mezani, huenda naye angeiba. Wiki hiyo hakumsalimia vizuri. Wiki ya pili akaanza kumletea Mwalimu viazi vya kuchemsha kwenye kibakuli, vikiwa na chumvi, akisema mtu anayefungwa kila siku asifungwe na njaa pia.

Maana alifungwa. Alifungwa Jumatatu hadi Jumamosi, mara tatu, mara nne kwa siku. Akiingia alitukana, "Yuko wapi huyo mtoro?" na kivuli kikajibu, "Karibu. Anza." Basi Mwalimu alijaza mwenyewe yaliyokosekana. Alisema maneno yake, kisha akabadili sauti akasema ya Gama, kisha akakasirikia aliyoyasema. Vijana wa mbio za magari walipunguza sauti za gemu zao wamsikilize. Nyumbani alikula. Baada ya kula alipanga kete halisi kwenye ubao wa mti, akarudia mchezo wa siku hiyo, akitafuta alipokosea. Kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini alikuwa akijifunza bao.

Mchezo wa kwanza ukaanza kuchukua nusu saa. Kisha saa nzima.

Siku ya arobaini na moja, Twilumba alikuwa kaunta akipitia madirisha yake alipoona meza ya nne imenyamaza. Akaileta kwenye kioo chake. Baba yake alikuwa na kete nyingi upande wa kushoto, na nyumba ya Gama, nyumba halisi iliyoachwa wazi kwa kuzidiwa na si kwa huruma, ilikuwa mbele yake. Hatua moja. Hata Twilumba, ambaye hakuwa mchezaji, aliiona. Mwalimu naye aliiona, maana mkono wake ulikwenda moja kwa moja juu ya lile shimo, ukabaki hapo.

Kisha mkono ukasogea, ukachota kete za shimo la pembeni, ukazitembeza upande usiodhuru mtu. Akakohoa. Akajikuna kisogo kama mzee aliyechoka.

Zamu ikawa ya kivuli.

Twilumba akatazama kiini cha Gama. Kawaida hakikuvuka asilimia ishirini, maana kumfunga mtu ni kazi ndogo. Sasa kilipanda hadi hamsini, hadi tisini, kikagota mia, kikaganda hapo. Kete juu ya kioo zilisimama katikati ya mwendo. Dakika moja ikapita. Ya pili ikapita. Vile viini vinne vilikuwa pale mkononi mwake, miguso mitano tu. Sanga alikuwa akiimba. Aliikunja mikono akaibana kwapani.

Dakika ya tatu kivuli kiliuacha mchezo. Daftari lilionyesha hivyo: hesabu ya hatua ilisimamishwa, haikumalizwa, kiini chote kikahamia kwingine. Sauti ya kusema neno jipya isingetosha kwenye kiini kimoja, kwa hiyo yalikuja maandishi, herufi moja moja, polepole, chini ya safu ya kete za Mwalimu.

Umeniachia.

Mwalimu Kihwele alilisoma neno hilo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akalisoma tena. Kisha akapiga meza kwa kofia yake, na ukumbi mzima ukageuka.

"Nani akuachie, Mngoni wewe?" alifoka, sauti imemkatika katikati. "Panga kete!"